Fimbo Zimefungiwa Stoo, Mjomba

Nyumbani kwa Mama Mkubwa Mwaisha,
Naliendele,
Mtwara.

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Abeid,

Shikamoo, na assalaam alaykum wewe na wote waliokuzunguka. Kwanza nataka kujua goti lako linaendeleaje. Mara ya mwisho ulikuwa unalikanda jioni na kuitupia lawama baridi ya Arusha. Mama Nuru hajambo? Na Nuru mwenyewe, ameanza kutembea au bado anatambaa? Nikikumbuka alivyokuwa akinishika kidole hataki kukiachia, natamani nirudi huko hata kesho. Mbusu kwenye shavu, mwambie dada Warda anamuwaza.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama kifua chake kimetulia tangu aache kulala na dirisha wazi. Baba yupo na redio yake. Korosho mwaka huu zimejaa, kila mtu yuko shambani tangu asubuhi, na harufu ya mabibo imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Mvua ilitutisha siku moja ikarudi ilikotoka, na watu wanaomba iendelee kukaa huko mpaka tumalize kuokota.

Salamu zimetosha. Mjomba, nina hasira na wewe, na nina hofu, na yote mawili nitayasema humu. Mchujo wa gofu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Fimbo zangu zimefungiwa stoo na ufunguo uko kwenye pindo la kanga ya Mama Mkubwa, anatembea nao na kulala nao. Tangu juzi nakupigia simu, unakata. Nimekutumia ujumbe, umenijibu "tutaongea". Hatujaongea. Ndiyo maana nimekaa kuandika kama watu wa zamani, maana barua haikatwi. Jirani yetu Joshua anakuja huko na lori lake kesho alfajiri, na ameniapia ataileta mpaka mlangoni kwako.

Nakueleza yote tangu mwanzo, kwa sababu katika simu zetu za kunong'ona nilikuwa nakupa vipande tu.

Niliporudi kutoka kwako mwaka jana na zile fimbo nimezifunga ndani ya mkeka, niliahidi nitafanya mazoezi kila siku, na kweli nimefanya. Nyuma kabisa ya shamba la Mama Mkubwa, kule mikorosho inakopakana na mihogo, pamefagiliwa chini ya miti kama tufanyavyo kila msimu ili korosho ikianguka ionekane. Unapajua, umepafagia mwenyewe utotoni. Ardhi imekauka, haina jani, imekuwa laini kama sakafu. Nikachimbia kopo la maziwa liwe shimo, nikaweka ndoo ya mipira pembeni, na kila adhuhuri Mama Mkubwa akishaswali na kujilaza, mimi na binti yake Nasra tunapotea. Nasra anakaa njiani kulinda mama yake mzazi asije, mimi napiga.

Nilikuwa napiga ndoo nzima, mpira juu ya mpira, kutoka mahali pale pale, kwenda kwenye kopo lile lile. Baada ya muda nikawa sikosi. Mpira ukitoka tu Nasra anasema "umo" kabla haujafika. Nikaanza kutembea kifua mbele. Nilikudanganya, au tuseme nilijidanganya, nilipokwambia mazoezi yanakwenda vizuri mno.

Mwezi uliopita nikamwomba Andrea, yule anayekata nyasi kwenye kile kiwanja kidogo wanachochezea wageni wa kazi za gesi, aniruhusu nicheze hata mashimo mawili. Akanitafutia Jumapili tulivu. Lakini tulivu kwa Andrea ni pamoja na wageni wanne wanaokunywa soda kivulini, wake zao wawili, na mlinzi. Wakanyamaza wote nilipoinama kwenye mpira. Mjomba, nilihisi macho yao shingoni kama mtu amenimwagia maji. Mikono yangu haikuwa yangu tena. Fimbo ikachota nyasi, mpira ukasogea hatua moja kama kifaranga. Nikapiga tena, ukaenda kando. Kule kwenye shimo, mpira niliousukuma kwa nguvu za ardhi yetu ya kufagiliwa uliishia katikati ya nyasi ukalala. Mgeni mmoja akapiga makofi ya kunihurumia. Afadhali angenizomea.

Nililia ndani ya bajaji mpaka dereva akazima muziki.

Jioni ile ndipo nilipokupigia nikiwa nimejifungia chooni, na lazima niseme kwa haki kwamba ulinisaidia. Uliniambia ndoo niitupe, nibaki na mpira mmoja. Nipige, niufuate kwa miguu, niupige pale ulipo hata kama umeangukia pabaya, nibadilishe fimbo, nibadilishe nilengapo, na kabla ya kila pigo nimtajie Nasra kwa sauti mpira utatua wapi, ili nisipate nafasi ya kusema ndiko nilikokusudia. Ukasema mtu anayepiga mpira wa pili kabla ya kuujutia wa kwanza hafanyi mazoezi, anatwanga. Nilinuna, lakini nilifanya.

Na tofauti ikaonekana. Niliacha sakafu ya kufagiliwa nikahamia kwenye majani yasiyofyekwa karibu na mihogo. Niliamka kabla ya jua nikapiga kwenye umande. Nilipiga kutoka kwenye mchanga, kutoka juu ya mizizi, kutoka kwenye shimo la panya. Mapigo yakawa machache na kuchoka kukawa kwingi, maana kila pigo lilikuwa na mawazo yake. Nikikosa, nilikuwa nimekosa kweli, sina mpira mwingine wa kunifariji. Kwa mara ya kwanza nilianza kujua umbali wa kila fimbo bila kubahatisha.

Lakini macho, Mjomba. Ulinifundisha kila kitu isipokuwa macho. Nasra alijaribu kunizomea ili nizoee, akaishia kucheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka. Macho ya Nasra hayanitishi. Kwenye mchujo kutakuwa na walimu wa klabu wamekaa na kalamu, wasichana wenzangu waliozaliwa jirani na viwanja, na watazamaji. Watachagua wachache wa kufundishwa ualimu, wapewe chumba na kazi, na waliobaki watapanda basi kurudi kwao. Nisipochaguliwa mwaka huu, mwakani umri utakuwa umenipita, wewe mwenyewe uliniambia. Nikawa silali. Nafumba macho nawaona wale wageni na soda zao.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho kilinitia baridi. Mwaka mzima nimekuwa nikifanya mazoezi ya kujificha. Kila pigo nililopiga, sikio moja lilikuwa njiani kusikiliza kama Nasra anapiga mluzi. Hata mkono wangu umejifunza kuharakisha ili pigo liishe kabla mtu hajatokea. Mtu atasimamaje mbele ya watu wakati alichokizoea ni kuwakimbia?

Na kati ya macho yote ya dunia hii, ninayoyaogopa hasa ni ya mtu mmoja. Huhitaji nikutajie. Unamjua dada yako. Kungwi wa Naliendele nzima, mwanamke ambaye akikohoa ukumbini bibi harusi anakaa sawa.

Kwa hiyo Jumanne hii nilifanya jambo ambalo Nasra alinisihi nisilifanye. Sikungoja adhuhuri. Nilifungua mkeka asubuhi, wanawake wakiwa wamekaa wananyofoa korosho kwenye mabibo, Mama Mkubwa katikati yao, na nikapita mbele yao na fimbo begani. Nilivaa gauni langu la kawaida na suruali chini yake. Nikasimama kwenye uwanja uliofagiliwa, nikaweka mpira chini. 

Nilisikia bibo moja likidondoka kwenye ndoo.

"Nini hichi?" Mama Mkubwa akauliza.

"Gofu, Mama Mkubwa. Shikamoo."

"Shikamoo yako nimeisikia asubuhi. Nauliza hicho kifimbo."

Nikamwambia. Nilimwambia mchujo, nikamwambia Dar es Salaam, nikamwambia siku. Uongo ule tuliopanga, kwamba nakwenda kumsaidia Mama Nuru, sikuutaja, kwa sababu nilishachoka kuubeba. Alisikiliza bila kuacha kunyofoa korosho. Mama yangu alikuwa amekaa pale pale ameshika bibo mkononi kama aliyesahau linafanywaje. Nilipomaliza, Mama Mkubwa akasema mbele ya wote kwamba msimu umefika, korosho zinaoza chini, na binti wa ukoo wake anakwenda kuchapa hewa mbele ya wanaume. Wanawake wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka.

Nikapiga hivyo hivyo, na mpira ukaenda kombo ukagonga mti.

"Ndiyo hiyo gofu?" akauliza. Wakacheka tena, safari hii na Nasra, yule msaliti.

Niliufuata mpira kwa miguu kama ulivyonifundisha. Nikaupiga ulipokuwa. Nikaufuata tena. Sijui nilipiga mara ngapi, lakini kicheko kilianza kupungua, na mimi nikaanza kusikia pumzi yangu mwenyewe. Nilikuwa nawatajia kwa sauti kabisa: huu utatua karibu na jamvi, huu utaishia kwenye jembe lile. Na ulikuwa unatua. Mama wa jirani mmoja akasema "alaa". Nakuapia, Mjomba, saa ile moja ilinifunza kuliko ile ndoo ya mwaka mzima.

Mama Mkubwa akainuka. Akachukua tenga lake, akamwaga korosho zilizokuwamo kwenye jamvi, akatembea nalo mpaka upande wa pili wa uwanja, mbali, akaliweka chini mdomo juu. Akarudi polepole akifuta mikono.

"Tia mule," akasema. "Ukitia, utakwenda huko unakokwenda na mimi mwenyewe nitakufungia chakula cha njiani. Ukikosa, hivi vifimbo naviweka mimi."

"Mara moja?" nikauliza.

"Kwani huko watakupa mara ngapi?"

Nikaenda kulitazama tenga kwa karibu, nikarudi. Nikachagua ile fimbo yenye uso wa kulala, ya kuinua mpira. Wanawake wote wakanigeukia, hata watoto. Yalikuwa macho yale yale ya Jumapili ile, na mengine zaidi, na yake yeye. Nikasubiri mikono inikimbie. Haikukimbia. Nikapiga.

Ulipaa vizuri, Mjomba. Laiti ungekuwepo. Ulipaa, ukashuka, ukagonga ukingo wa tenga mpaka tenga likayumba, ukaangukia nje.

Watu walipiga ukelele kama mpira umeingia. Mama Mkubwa hakupiga. Akanyoosha mkono, na mimi nikampa fimbo, maana tulikuwa tumekubaliana. Aliipima mkononi, akaitazama pale unapoishika, akaigeuza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya unyago ambayo huwezi kuidanganya:

"Nani kakufundisha?"

Nikajifuta vumbi mikononi.

"Mtu hazaliwi anajua haya. Nauliza, nani?"

"Siwezi kumtaja, Mama Mkubwa. Atajitaja mwenyewe."

Nilidhani atanipiga. Badala yake aliwageukia wenzake akasema kama anayekumbusha jambo ambalo kila mtu analijua: "Mwali akikosea hasemeshwi yeye. Anaitwa somo wake, aliyemfunda." Kisha akanirudia mimi. "Mwambie somo wako aje aombe hivi vifimbo kwa mdomo wake. Huyo mtu yuko mbali?"

"Yuko mbali."

"Ana simu?"

"Anayo."

"Basi," akasema, akazibeba fimbo zote, akaenda zake stoo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na tangu siku hiyo hajanitamkia neno juu ya gofu, zuri wala baya. Hajanikataza kusafiri. Hajaniruhusu. Anakula, anaswali, anaokota korosho zake, na simu ameiweka kifuani badala ya kuiacha juu ya kabati kama siku zote.

Mjomba wangu, sasa nisikilize. Mama Mkubwa ndiye aliyekupeleka chuo cha uhasibu, na mpaka leo kila mgeni akikanyaga hapa anaambiwa "mdogo wangu Abeid ni mhasibu Arusha". Kila Idi unakuja na shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, unaulizwa habari za ofisi, unajibu "tunamshukuru Mungu". Mimi nilipokuja kumsaidia Mama Nuru alipojifungua, nikakukuta uwanjani umevaa kofia, unafundisha watu wazima kusimama mbele ya mpira, na wao wanakusikiliza kama imamu. Sikuwahi kukuona umenyooka namna ile. Siku ile ile nikakuomba unifundishe, na wewe ukaniomba nisiseme nyumbani. Nimetimiza. Juzi, mbele ya wanawake wa kijiji kizima na fimbo mkononi mwake, bado nimetimiza, na imenigharimu.

Najua unachoogopa. Hata mimi nilikuwa nakiogopa mpaka Jumanne. Unaogopa atasema ulimwaibisha, kwamba aliwaambia watu uongo miaka yote hii bila kujua. Pengine atasema hivyo. Pengine atasema makubwa zaidi, ulimi wake unaujua. Lakini nadhani anajua, Mjomba. Namna alivyoitazama ile fimbo, namna alivyouliza kama mtu huyo yuko mbali. Nadhani anajua na anangoja aambiwe, na kwa mtu kama yeye kungoja ndiko kunakouma.

Usimtume Mama Nuru amwambie. Usimpigie Mama yangu ukamfanya mjumbe. Wala usinitumie nauli na fimbo nyingine za kuazima nitoroke alfajiri nikachezee huko. Nimewaza hayo yote kitandani na nimeyakataa. Nikienda kwa kutoroka, nitasimama mbele ya wale walimu na sikio moja liko njiani tena, na mikono itanikimbia kama Jumapili ile. Nataka kuondoka hapa mchana, kwa mlango wa mbele, na fimbo zangu begani. Baba anasema mambo ya mabinti wa ukoo huu huulizwa mjomba wao, na mjomba wao ni wewe. Neno hilo ni lako na hakuna mwingine wa kulisema.

Nimekosa ukingoni mwa tenga, lakini nimepiga mbele yake. Piga na wewe. Ni namba moja tu, na haihitaji kuingia shimoni, inahitaji ipigwe. Joshua anasema atafika kwako Jumapili. Basi la Dar nitakalopanda linaondoka Alhamisi.

Mama anakusalimu na anasema uache kupaka goti dawa za barabarani. Baba anakusalimu. Nasra anakusalimu na anaomba msamaha kwa kucheka, ingawa aliyechekwa ni mimi. Andrea naye amesema nikuulize kama huko nyasi mnazimwagia maji asubuhi au jioni. Msalimie Mama Nuru sana, mwambie amekuwa mama kwangu. Mungu awakinge nyote na maradhi na aipe nguvu mikono yako hapo utakapoishika simu.

Mama Mkubwa hajakutumia salamu, Mjomba, kwa kuwa hajui kwamba naandika. Nilipotoka kuitafuta kalamu hii nilimkuta amekaa barazani peke yake, simu mapajani, uso ameuelekeza kwenye kioo chake. Nikamuuliza kama kuna mtu anamsubiri. Akasema, "Somo wako."

Mimi mpwa wako ninayekupenda hata ninapokukasirikia,

Warda